Chemosit Alikuwa Nusu Ndege

Ukisimama Kisumu asubuhi ambayo mawingu hayajashuka, ukaelekeza macho kaskazini-mashariki, utaiona miinuko ya Nandi imesimama kama ukuta juu ya uwanda wa Kano. Chini ya ukuta huo watoto wa Kiluo wamelelewa na hadithi za Apul-Apul, zimwi mla watu. Juu yake watoto wa Kinandi wamelelewa na Chemosit. Na ukielekea kaskazini, kupitia Kakamega hadi Bungoma, utawakuta Waluhya na mazimwi yao yaitwayo manani, pamoja na jogoo mwekundu aishiye mawinguni. Eneo lote hilo mtu hulimaliza kwa matatu kabla ya jua la utosi, lakini viumbe wanaolikalia hawafanani, wala hawakuzaliwa kwa sababu moja.

Nalisema hilo kwa kuwa siku hizi viumbe hawa hupikwa katika chungu kimoja. Anayetafuta habari za viumbe wa ajabu wenye mabawa huletewa Chemosit wa Nandi, kongamato wa Zambia, popobawa wa Zanzibar na mtu-nondo wa Marekani wakiwa wamepangwa safu moja, kila mmoja na picha yake ya kutisha, na kila mmoja akielezwa kuwa mnyama ambaye wanasayansi bado hawajamkamata. Kuwachanganya hivyo kunawadhulumu wote: msimulizi wa hadithi huonekana shahidi asiyejua kuhesabu miguu, na shahidi aliyeona kitu cha kweli huonekana mtunga hadithi. Fundo hili huanza kulegea pale tunapotenga aliyesimulia, aliyeona na aliyechora, maana aghalabu ni watu watatu mbalimbali, na mara nyingi picha ndiyo iliyotangulia, shahidi akafuata nyuma yake.

Naanza na Chemosit, kwa maana ndiye wa kwetu, na ndiye aliyebadilishwa kuliko wote.

Mwaka 1909 afisa wa serikali ya kikoloni, A. C. Hollis, alichapisha kitabu juu ya lugha na masimulizi ya Wanandi, na humo akaandika sifa za Chemosit kama alivyoelezwa. Chemosit ni nusu mtu, nusu ndege. Ana mguu mmoja tu, lakini ana makalio tisa. Kinywa chake ni chekundu, na usiku hung'aa kama taa. Hutembea kwa kujisukuma na fimbo iliyo mfano wa mkuki, ambayo ndiyo mkongojo wake. Huzunguka duniani akitafuta watu wa kula, hasa watoto, na namna yake ya kuwanasa ni kuimba: hukaa gizani karibu na makazi ya watu, akaimba, na watoto wakiuona ule mwanga na kuusikia ule wimbo hudhani kuna ngoma inachezwa, wakaufuata, wasirudi.

Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi yake. Mtu aliyewahi kulala kijijini katika nyanda za juu anajua jinsi sauti ya ngoma inavyosafiri usiku, jinsi ilivyo vigumu kujua imetoka kilima kipi, na jinsi mwanga mmoja gizani unavyomvuta mtoto kuliko onyo lolote la mzazi. Chui na fisi hawakuwa mbali na maboma ya wakati huo. Zimwi ambalo mtego wake ni taa na wimbo humfikishia mtoto jambo ambalo katazo la kawaida la kutotoka nje usiku haliwezi kulifikisha, nalo ni kwamba hatari inaweza kuja na sura ya sherehe. Hayo makalio tisa nayo si hesabu ya daktari wa mifugo. Ni ishara ambayo msimulizi anaitoa mapema kabisa kwamba huyu anayetajwa hayumo katika hesabu moja na ng'ombe, mbwa na chui; mtoto hucheka kwanza, kisha huogopa, na kicheko hicho ndicho kinachoifanya hadithi ikae kichwani hadi mtoto awe nyanya.

Sasa tuone kilichofuata. Baada ya vita vya Waingereza na Wanandi vya 1905 na 1906, ambavyo mwanzoni mwake kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa, nchi ya Wanandi na uwanda jirani wa Uasin Gishu zilianza kupitiwa na walowezi, wapimaji ardhi na wawindaji. Mmoja wa wageni hao, Geoffrey Williams, alisafiri Uasin Gishu pamoja na binamu yake muda mfupi baada ya vita, na safarini kuelekea mwamba wa Sergoit akamwona mnyama asiyemfahamu, ameketi wima, umbali wa mita 30 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1912 katika jarida la chama cha elimuviumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Williams alieleza kwamba mnyama yule alikaa kama dubu wa bustani ya wanyama anapowaomba watazamaji maandazi, kisha akashuka kwa miguu minne na kwenda zake kwa mwendo wa kuyumba upande.

Mfano huo wa maandazi unastahili kusomwa mara mbili. Dubu hakutoka Sergoit. Alitoka katika bustani ya wanyama ya Ulaya, akasafiri ndani ya kumbukumbu ya mtazamaji hadi Uasin Gishu. Afrika kusini mwa Sahara haina dubu, na hata wale waliokuwa wakiishi katika milima ya Atlas, huko Afrika Kaskazini, walimalizika katika karne ya 19. Hata hivyo jina la dubu wa Nandi lilishika. C. W. Hobley, aliyekuwa mtawala wa miaka mingi katika nchi ya ziwa, alikusanya taarifa nyingine za namna hiyo, zikiwamo za watu waliokuwa wakijenga reli ya Magadi, mbali kabisa na Nandi, na tangu hapo kila kisa cha mnyama wa usiku kilikuwa na kapu la kutiliwa.

Ndipo likatokea kosa la lugha ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha jambo lote. Mlowezi alipouliza ni kitu gani kilichoua kondoo usiku na kuacha fuvu limepasuliwa, jibu lililokuwa tayari katika lugha ya wenyeji lilikuwa Chemosit, kama vile mtu wa pwani angeweza kujibu kwamba ni shetani. Mzee alijibu swali la nani. Mgeni akaandika jibu la nini. Baada ya hapo sifa za Chemosit zilipitishwa katika chujio. Sifa zilizomfaa mwindaji, yaani ukali, kutembea usiku na kupasua vichwa, zilibaki. Ule unusu-ndege, mguu mmoja, fimbo, kinywa king'aacho na wimbo vilimwagwa, kwa sababu hakuna bunduki inayoweza kulengwa kwenye wimbo.

Wataalamu waliokuja baadaye walijaribu kumpatia huyo dubu mwili. Wengi walimtaja fisi madoa, na mimi naona hao ndio walio karibu na ukweli: mabega yake yako juu na kiuno kimeteremka, mwendo wake ni wa kuyumba, taya zake huvunja mifupa ambayo chui huiacha, na zipo taarifa nyingi za fisi kumvamia mtu aliyelala na kumng'ata usoni. Wengine walimtaja nyegere, mnyama mdogo mwenye ujasiri usiolingana na kimo chake, ambaye huweza kusimama kwa miguu ya nyuma. Na wengine nyani dume mzee. Pendekezo lililosisimua zaidi lilitolewa na mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey mwaka 1935, alipouliza kama kalikotheri wangeweza kuwa bado hai. Kalikotheri walikuwa jamaa wa farasi na vifaru, ila badala ya kwato walikuwa na makucha, na miguu yao ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wao uliteremka kama wa fisi. Swali lake halikuwa la kipuuzi kwa mtu wa huku, kwa sababu mifupa ya kalikotheri imepatikana kisiwani Rusinga, ndani ya ziwa letu, na spishi mojawapo imepewa jina la kisiwa hicho. Ila mifupa hiyo ya Rusinga ina umri wa mamilioni ya miaka, na tena kalikotheri walikuwa wala majani. Mla majani hashtakiwi kwa kula ubongo wa kondoo. Tangu 1912 hadi leo hakuna mfupa wala ngozi ya dubu wa Nandi iliyothibitishwa.

Kwa hiyo tuna viumbe wawili wanaotumia jina moja. Mmoja ni Chemosit wa masimulizi, ambaye hakuhitaji mwili wala hajaupoteza. Mwingine ni mnyama wa taarifa za wageni, ambaye yaelekea alikuwa fisi aliyeonekana vibaya, mara nyingi na watu mbalimbali, katika mwanga hafifu.

Jogoo wa Waluhya ananisaidia kuionyesha tofauti hii, kwa sababu yeye hakuwahi kuwindwa na mtu yeyote. Mtafiti Mjerumani Günter Wagner, aliyefanya kazi miongoni mwa Waluhya katika miaka ya 1930, aliandika simulizi ya Wabukusu juu ya uumbaji, ambamo Mungu, Wele, alimweka mawinguni jogoo mkubwa mwenye rangi nyekundu. Jogoo huyo akipiga mabawa, umeme humulika. Akiwika, radi hunguruma. Hakuna mzungu aliyebeba bunduki kwenda kumtafuta jogoo huyo katika vilima vya Bungoma, kwa maana ilikuwa wazi kwa kila msikilizaji kwamba simulizi inaeleza mvua.

Na inaieleza kwa uangalifu mkubwa. Yeyote aliyefuga kuku, na huku kwetu ni nani hajafuga, amemwona jogoo anavyojiandaa kuwika: hukusanya mwili, hupiga mabawa, ndipo hutoa sauti. Mabawa kwanza, sauti baadaye. Mwanga wa umeme nao hutufikia papo hapo, ilhali ngurumo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde na huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilomita. Aliyetunga simulizi hiyo alikuwa ameusikiliza mfuatano huo na kuupatia mfano ulio uani kwake. Kwamba simulizi ya namna hiyo ilikuwa na nguvu huku si jambo la kushangaza pia. Mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea nchi kavu, hukutana na miinuko, hewa yenye unyevu husukumwa juu, na alasiri mawingu ya radi huwa yamesimama kutoka Nandi hadi Kakamega. Usiku mzunguko hugeuka na ngurumo huhamia juu ya maji. Bonde la ziwa hili ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Mtu aliyezaliwa chini ya anga ya aina hiyo alihitaji jogoo.

Kongamato ni habari nyingine, kwa sababu hapa wako walioapa kwamba yupo. Taarifa zake maarufu zimetoka kaskazini-magharibi mwa Zambia, katika mabwawa ya Jiundu, na mwandishi wake ni Frank Melland, hakimu wa kikoloni aliyechapisha kitabu mwaka 1923. Wakaonde, wenyeji wa huko, walimweleza juu ya kiumbe anayepindua mitumbwi, mwenye mabawa ya ngozi kama popo, asiye na manyoya, rangi yake nyekundu, upana wa mabawa yake ukiwa kati ya mita 1.2 na 2.1, na mdomo wake wenye meno. Melland aliwaonyesha michoro ya terosauri, yaani wale watambaazi waliokuwa wakiruka angani katika enzi za dainosari, na waliokuwapo wakamwonyesha kwa kidole kwamba ndiye huyo.

Msomaji wa Kenya analifahamu gwaride la utambulisho linalofanywa na polisi: mshukiwa husimamishwa kati ya watu wengine wanaofanana naye kwa kimo na umri, ili shahidi achague kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Kama kiumbe mwenye ngozi badala ya manyoya yuko mmoja tu kwenye safu, gwaride limekwisha kuharibika kabla shahidi hajafungua macho. Siwalaumu Wakaonde kwa jibu lao, walijibu kwa uaminifu swali waliloulizwa: kati ya picha hizi, ipi inamkaribia? Ila kutoka "inamkaribia" hadi "ndiye" kuna hatua ambayo aliichukua muulizaji peke yake.

Ushahidi wenye uzito zaidi kuliko huo umo katika michoro yenyewe. Wachoraji wa wakati wa Melland waliwachora terosauri wakiwa na ngozi tupu, kama popo aliyenyonyolewa, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyodhaniwa. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kisovieti alieleza mabaki kutoka Kazakhstan, ya terosauri mdogo aitwaye Sordes, yaliyohifadhi alama za nyuzinyuzi kama manyoya mwilini, na uvumbuzi wa baadaye umeongeza mifano. Terosauri halisi walikuwa na manyoya ya aina yake. Kongamato wa taarifa, kwa hiyo, hafanani na mnyama aliyeishi. Anafanana na mchoro wa mwaka 1923. Laiti kungekuwa na shahidi aliyesema wakati huo kwamba kiumbe yule ana manyoya laini kama ya popo mchanga, nami ningekaa chini kumsikiliza kwa makini.

Terosauri waliishi Afrika Mashariki, hilo halina shaka. Mabaki yao yamo katika miamba ya Tendaguru, karibu na Lindi nchini Tanzania, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakisaidiwa na mamia ya wafanyakazi wenyeji, na miamba hiyo ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Lakini ukoo mzima ulikatika miaka milioni 66 iliyopita, na katika miamba yote iliyofuata duniani, pamoja na ile ya Rusinga iliyotunza hata matunda na wadudu, hakuna mfupa mmoja wa terosauri. Kilichoonekana mabwawani pengine kilikuwa korongo mkubwa. Yuko korongo domokiatu, anayepatikana Zambia na Uganda kwenye mafunjo, ambaye mabawa yake hufika mita 2.5 hivi na ambaye uso wake, ukikutana nao asubuhi katika ukungu, hauonekani kuwa wa ndege wa zama hizi.

Si lazima kwenda Zambia ili kujifunza jinsi jicho linavyokosea. Kisumu ina korongo marabu wengi, wale wakubwa wenye kichwa kisicho na manyoya na mfuko unaoning'inia shingoni, ambao hukaa juu ya miti ya mjini na kushuka majalalani. Akisimama hufika mita 1.5, na akifungua mabawa upana wake huzidi mita 2.5. Jioni moja nikiwa upande wa Dunga niliona kitu cheusi kikija kutoka ziwani, bila kupiga mabawa, na kwa muda wa kama dakika nzima sikuweza kusema kama ni kidogo kilicho karibu au ni kikubwa kilicho mbali. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila mbingu. Kilipopita sambamba na mlingoti wa mashua ndipo ukubwa wake ulipojulikana, naye alikuwa marabu tu. Lakini ile dakika ya kutojua ilikuwa ya kweli, na kama mlingoti usingekuwapo ningeondoka nayo nyumbani.

Hapo ndipo penye siri ya taarifa nyingi za viumbe warukao. Macho yetu hayapimi ukubwa. Hupima pembe, kisha akili hukadiria umbali ndipo itoe ukubwa. Umbali ukikosekana, ukubwa hubuniwa, na hofu hubuni kwa ukarimu. Ongeza macho yanayorudisha mwanga wa taa ya gari, kama ya ndege aitwaye kirukanjia, anayekaa barabarani usiku, ambayo huwaka mekundu kama makaa. Ongeza bundi mkubwa wa Afrika, ambaye mabawa yake hukaribia mita 1.4 na ambaye manyoya yake yameumbwa yasitoe sauti. Ongeza popo wala matunda wa Vihiga na Kakamega, ambao upana wa mabawa yao hukaribia sentimita 76 na ambao huondoka mitini kwa maelfu magharibi inapoingia. Mtu mwaminifu, mwenye macho mazima, anayerudi nyumbani peke yake, hana haja ya kusema uongo ili asimulie jambo la ajabu.

Mtu-nondo wa Marekani, aitwaye Mothman, alizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 15 Novemba 1966, karibu na mji wa Point Pleasant katika jimbo la West Virginia, wanandoa wawili wawili waliokuwa ndani ya gari moja usiku waliona kiumbe mrefu kama mtu, mwenye mabawa na macho mekundu, katika eneo ambalo zamani lilikuwa la kuhifadhia baruti na ambalo sasa ni hifadhi ya wanyama. Mtaalamu wa chuo kikuu cha jimbo hilo alipendekeza kwamba alikuwa korongo aliyepotea njia yake ya kuhama. Wengine wamemtaja bundi. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la mji huo lilianguka na watu 46 wakafa, na baada ya hapo kiumbe akageuzwa mtabiri wa msiba. Wachunguzi walikuta chanzo kwenye kiungo kimoja cha chuma kilichokuwa na ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi. Ufa huo unanisikitisha kuliko macho mekundu yote, kwa sababu ulikuwa ndani ya chuma, mahali ambapo ukaguzi wa siku zile usingeweza kuuona. Tangu 2003 mji una sanamu ya chuma cha pua ya mtu-nondo, mwenye misuli ya mpiga masumbwi na macho kama ya mdudu, na picha za watu walioamua kumchora baadaye zimeifuata sanamu hiyo, si maneno ya wale wanne wa kwanza.

Popobawa wa Zanzibar naye ameteswa na jina lake. Katika hofu kubwa ya mwaka 1995, iliyoanza Pemba ikafika Unguja hadi Dar es Salaam, katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka, ili shetani huyo asiwaingilie vyumbani. Waliosimulia hawakueleza popo mkubwa mwenye jicho moja, kama michoro ya kigeni inavyomwonyesha. Walieleza uzito kifuani, mwili kushindwa kusogea, sauti kukwama kooni, na mtu au kitu kilichokuwapo chumbani. Kiswahili kina neno la hali hiyo tangu zamani, nalo ni jinamizi. Katika hatua ile ya usingizi ambayo ndoto huja, ubongo huifunga misuli ili mwili usiitekeleze ndoto. Mtu akizinduka kabla kufuli hilo halijafunguliwa, hujikuta macho wazi, mwili mfu, ndoto ikiendelea mbele yake. Uchungu wa waliopatwa na hali hiyo ulikuwa wa kweli. Na hatari ya kumpa jinamizi mwili ilikuwa ya kweli pia: mwaka ule mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa Zanzibar na umati uliomdhania kuwa popobawa.

Wasanii siwahesabu kuwa wapotoshaji. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam, Samaki Likankoa akiwa mwanzilishi wao katika miaka ya 1950, waliutoa mtindo wa shetani kutoka kwenye mpingo: mdomo ulioning'inia, sikio lililogeuka bawa, mguu ulioota mahali pa mkono. Mnunuzi anayeuliza mnyama huyu anapatikana wapi amekosea mlango, kwa kuwa mchongaji hakutoa ushahidi. Alifuata mshipa wa mti na kile alichosimuliwa. Tatizo huzuka pale mchoro unapoondolewa jina la mchoraji na kuwekwa mezani kama kielelezo cha mahakama.

Wanaolipa gharama ya mchanganyiko huu huku kwetu ni bundi, ambao hupigwa mawe kwa kulia juu ya paa, ilhali panya wa ghalani ndio waliowaleta. Ni popo wanaofukuzwa mitini kwa moshi, ilhali wao ndio wanaobeba mbegu za mivule na miti ya tini hadi mahali ambapo msitu ulikatwa. Na ni wazee wetu, ambao hadithi zao huletwa mbele ya watu kama taarifa mbovu za wanyama, zikapimwa kwa rula, zikashindwa, zikatupwa.

Kwa hiyo nikisimuliwa na kijana kwamba ameona kitu kikubwa kikiruka juu ya Kano, namwuliza nyuma yake kulikuwa na nini, mwanga ulitoka upande gani, mabawa yalipigwa mara ngapi kabla ya kutulia, na kama shingo ilinyooshwa au ilikunjwa. Maswali hayo humheshimu kama shahidi, na mara nyingi hujibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa nyanya wa Kinandi sina swali lolote la nyayo wala kimo. Nitamwuliza Chemosit aliimba wimbo gani, na kama bado anaukumbuka, nimwombe auimbe.